Golden Gate kwa baiskeli: ni upepo kweli au tunatishwa tu?

#1 KipupweDom

Wakuu, mbukwenyi.

Kuna jamaa wa ofisini kwetu hapa Mtumba alikwenda San Francisco kikazi. Siku moja akakodi baiskeli akavuka Daraja la Golden Gate. Tangu arudi wimbo ni mmoja tu: upepo. Anadai alipofika kwenye mnara wa kwanza alisukumwa mpaka usukani ukakwaruza ukingo, akashuka, akaanza kukokota. Wakati anakokota, mama mmoja wa makamo akampita amekaa wima kwenye baiskeli yake, anapiga kengele apishwe.

Sasa huyu jamaa si mtoto wa lami. Amekulia Kintinku, sekondari kaisoma kwa baiskeli ya Phoenix, na ule mlima wa kuingilia Manyoni kaupanda na gunia la mpunga kwenye keria. Upepo wa Agosti wa kule mnaujua, unahamisha sufuria kutoka uani hadi kwa jirani.

Na mimi nimepangiwa semina huko mwezi wa saba, na nina Jumamosi moja ya kwangu. Nataka kuvuka. Naomba kuuliza: ni upepo gani huo wa kumshinda mtu wa Kanda ya Kati? Ni upepo kweli, au kuna kitu jamaa hataki kukisema?

#2 MamaZabibu

Asichotaka kusema ni kwamba kapitwa na bibi wa watu. Swali limejibiwa, uzi ufungwe.

#3 NyumbaniManyoni

Nimesoma California na hilo daraja nimelivuka kwa baiskeli, naomba nimtetee kaka yetu kidogo.

Wageni wengi wanaanzia Fisherman's Wharf, ndiko yaliko maduka ya kukodisha. Mwanzoni kuna kilima kifupi cha Fort Mason kinakutoa jasho, ukishamaliza ni tambarare tupu. Unapita Marina, unaingia Crissy Field, maji yako mkono wa kulia na daraja linazidi kuwa kubwa mbele yako. Hapo kila mtu ni bingwa. Halafu unakuja mwinuko wa kukutoa usawa wa maji hadi usawa wa daraja. Nusu ya watalii wanasukuma, hakuna anayemcheka mwenzake.

Juu ya daraja baiskeli hazichangamani na magari. Ziko njia mbili za pembeni: ya mashariki inatazama mji na ghuba, ya magharibi inatazama bahari kuu. Mnapelekwa huku au kule kulingana na siku na saa, vibao vinaelekeza. Sisi ilikuwa Jumamosi tukapelekwa magharibi, upande uleule upepo unakotokea.

Ila adui mwenyewe ni mnara. Njia haipiti katikati ya mnara, inauzunguka kwa nje kwa kona kali, na pale inabana. Mnara ni ukuta wa chuma, upepo ukiugonga unagawanyika huku na huku. Kwa hiyo unakuja unapigwa ubavuni, umeshaegemea upande huo ili usianguke, ghafla unapigwa usoni. Ukimaliza kona unasukumwa mgongoni. Na wakati huohuo kuna anayekuja mbele yako na mtoto kwenye kiti cha nyuma. Nilimwona kijana wa mbio, nguo za kubana na viatu vyake vya kazi, naye akitoa mguu mmoja kwenye pedeli pale pale.

Kwa hiyo huyo mama aliyempita ni mwenyeji, anaijua kona.

#4 UpepoWaSingida

Kintinku ni wilaya ya Manyoni na Manyoni ni mkoa wa Singida. Kwa niaba ya mkoa, nakanusha kwamba huyo ni mwenzetu.

Mitambo ya umeme wa upepo miaka nenda rudi inapangwa kujengwa Singida. Hujiulizi kwa nini hao wataalamu hawakupanga Dar? Upepo wa huku ukikupiga pale Sekenke na baiskeli, unarudi ulikotoka bila kugeuza. Mtu wa huku hashindwi na kiupepo cha watalii.

#5 JoblessNkuhungu

Naweka kambi hapa. Ila kwa ninavyojua lile ndilo daraja refu kuliko yote duniani, lilijengwa 1933, urefu ule lazima likusanye upepo.

#6 InjiniaKimya

Kabla ya kubishana Singida na San Francisco, tuelewe upepo wenyewe unatoka wapi.

Bahari ya Pasifiki pale ina maji ya baridi mwaka mzima. Ndani ya bara kuna bonde kubwa la California, na miji kama Sacramento mwezi wa saba inapita nyuzi 33 bila shida. Hewa ya moto kule bondeni inapanda, ya bahari inavutwa kwenda kujaza nafasi. Katikati kuna milima ya pwani imeziba. Tundu lililobaki ni mlangobahari wa Golden Gate, upana wake pale penye daraja ni kama kilometa moja na nusu tu. Hewa yote hiyo inalazimika kupita hapo, na daraja limesimama katikati ya tundu.

Matokeo yake ni kwamba kiangazi, mchana hadi jioni, ndipo panavuma kila siku. Asubuhi panatulia. Mleta mada anakwenda mwezi wa saba. Jamaa yako alivuka saa ngapi? Hilo ndilo swali la msingi.

Dhoruba za majira ya baridi ni kitu kingine. Desemba 1951 upepo ulifika kama kilometa 111 kwa saa, daraja likayumba mpaka likafungwa, na baadaye wakaongeza vyuma vya kulikaza kwa chini. Na limesanifiwa kuyumba, lile. Katikati linaweza kwenda pembeni zaidi ya meta 8.

#7 MamaZabibu

Meta 8???? Injinia ungetuachia tu hilo la bonde la California.

#8 MwalimuMakole

JoblessNkuhungu #5, marekebisho kidogo. 1933 ni mwaka ujenzi ulipoanza, Januari. Lilifunguliwa tarehe 27 Mei 1937, na siku hiyo ilikuwa ya waenda kwa miguu peke yao, magari yakaruhusiwa kesho yake.

Urefu kati ya mnara na mnara ni meta 1,280. Lilikuwa la kwanza duniani kwa kipimo hicho hadi 1964, likapitwa na Verrazzano-Narrows la New York. Leo anayeongoza ni Uturuki, Daraja la Çanakkale la 1915, meta 2,023, lilifunguliwa 2022. Hiyo 1915 ni jina tu, msije mkaniandama.

Ukijumlisha lote, Golden Gate ni meta 2,737. Kwa baiskeli ni kama kutoka Nyerere Square kwenda kusalimia mtu Area D, hata jasho halijakauka. Huwezi kusema jamaa alichoka.

#9 JoblessNkuhungu

Sawa mwalimu. Lakini refu ni refu.

#10 FundiSpoku

Nawasoma mnazungumzia upepo, hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu baiskeli.

Mimi ni fundi, kijiwe changu kiko jirani na soko la Majengo. Phoenix tupu ni chuma cha uhakika, ni nzito, na huyo kijana wa Kintinku kazoea kuiendesha na gunia nyuma. Uzito uko chini na nyuma, upepo wa pembeni unakuta mlima. Baiskeli za kukodisha wageni ni za aloi, nyepesi, usukani mpana ulionyooka, na mara nyingi wanakufungia kikapu au mfuko mbele kwenye usukani. Huo mfuko ndio tanga lenyewe. Upepo ukiusukuma unageuza gurudumu la mbele, wewe unadhani umesukumwa wewe.

Ushauri kwa mleta mada: mfuko uhamie nyuma. Kiti kishushwe kidogo, ule uwezo wa kukanyaga chini haraka utakuokoa kwenye kona. Na kabla hujatoka dukani jaribu breki. Marekani kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Wewe ukiwa umezoea kinyume, ukashtuka kwenye mteremko ukabana ya mbele peke yake, utaruka juu ya usukani na hapo lawama itaenda tena kwa upepo.

#11 DerevaMstaafu

Fundi kasema la maana lakini bado hajafika.

Nimeendesha lori Dodoma, Manyoni, Singida miaka mingi. Upepo wetu huku kiangazi unatoka mashariki na kusini mashariki. Barabara ya Dodoma kwenda Bahi hadi Kintinku inaelekea magharibi. Maana yake huyo kijana akienda Kintinku anasukumwa mgongoni, akirudi mjini anapigwa usoni. Upepo wa usoni unakuchosha, haukuangushi. Unainama, unakanyaga, unatukana kimoyomoyo, unafika.

Golden Gate kwa ramani linalala kusini kwenda kaskazini, na upepo Injinia katuambia unatoka baharini, magharibi. Ni upepo wa ubavu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo kijana alipokutana na kitu kigeni. Hata lori tupu likipigwa ubavu unalijua kwenye usukani, sembuse baiskeli.

#12 KipupweDom

DerevaMstaafu, mzee wangu, hii ndiyo ya kwanza kuniingia. Jamaa anasema aliegemea kushoto njia nzima mpaka shingo ikamuuma. Kushoto ukienda kaskazini ndiyo magharibi.

#13 MteraKwaMtera

Napinga #11 kwa heshima. Kanda ya Kati haina barabara moja. Njia ya Dodoma kwenda Iringa inaelekea kusini, na watu wa Mtera tunapigwa ubavu kila siku ya kiangazi, hasa ukifika wazi pale bwawani. Watoto wa shule wanapita na baiskeli za baba zao, mguu umepenyezwa ndani ya fremu kwa sababu kiti hawakifikii. Hatujawahi kusikia mtu kashuka akakokota sababu ya upepo.

Labda jamaa alikuwa hana mazoezi tu. Kazi ya ofisini inabadilisha mtu.

#14 NyumbaniManyoni

Hilo la ofisini linauma lakini lina ukweli, hahaha.

Ila Mtera ukisukumwa unakwenda wapi? Unaingia kwenye mchanga, unasimama, unacheka. Pale kulia una magari, kushoto una ukingo, na nyuma yako kuna foleni ya watu wana haraka.

#15 MwalimuMakole

Kuna jambo hamjaligusa. Dodoma mjini tuko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Golden Gate uko juu ya maji ya bahari, na hewa yake ni ya baridi, kwa hiyo ni nzito zaidi. Nimepiga hesabu ya haraka kwa hewa ya nyuzi 25 hapa na nyuzi 15 kule: hewa ya kule ni nzito kuliko yetu kwa karibu asilimia 18. Nguvu ya upepo inaenda sawia na uzito wa hewa. Upepo wa kasi ileile unakusukuma kwa nguvu zaidi kule kuliko hapa. Kipimo cha kasi kinasema sawa, mwili unasema si sawa.

#16 InjiniaKimya

Hesabu sahihi mwalimu, lakini usiikuze. Nguvu inapanda kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka kwa asilimia 9 tu imeshafidia hiyo 18 yako. Mnara mmoja unaongeza kasi kuliko hapo.

#17 MamaZabibu

Subirini kwanza. Singida iko meta ngapi?

#18 MwalimuMakole

Kama 1,500.

#19 MamaZabibu

Kwa hiyo UpepoWaSingida miaka yote anajigamba na upepo uliochakachuliwa 🤣🤣🤣

#20 UpepoWaSingida

Mnaleta hesabu baada ya kushindwa hoja. Upepo unapimwa kwa mabati yaliyong'oka, haupimwi kwa kalamu. Mkoa unatafakari hatua za kuchukua.

#21 MamaZabibu

Nimemaliza kucheka, sasa niseme langu.

Mimi nadhani ni urefu wa kwenda chini. Mwaka huu nimefika Mwanza kwa wifi yangu, tukatembea kwa miguu juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi, lile la JPM lililofunguliwa Juni 2025. Ni kilometa tatu hivi. Ziwa lilikuwa limetulia, upepo wa kawaida tu wa kupepea kanga. Lakini tulipofika katikati, pale penye nguzo ndefu na zile nyaya, nikaangalia maji chini, magoti yakawa si yangu. Nikaanza kushika ukingo kila hatua. Wifi ananiambia wifi twende, mimi nasema upepo huu mkali. Upepo gani? Hakuna upepo.

Sasa mtu wa Kintinku bonde lake liko tambarare mpaka macho yanachoka. Mpandishe juu ya bahari, mpe baiskeli ya watu, mwambie usiangalie chini. Lazima akaze mikono. Na baiskeli ukiikaza mikono inayumba yenyewe, muulizeni Fundi.

#22 FundiSpoku

Kweli kabisa mama. Anayejifunza baiskeli anaanguka kwa sababu anaubana usukani. Ulegeze, inajinyoosha.

#23 NyumbaniManyoni

Pale njia iko kama meta 67 juu ya maji. Na ukingo unakufika kifuani ukiwa umesimama chini, lakini ukiwa juu ya baiskeli unaona umeshuka kiunoni. Hilo la MamaZabibu silibishi.

#24 DerevaMstaafu

Woga haumtupi mtu kwenye ukingo kila akifika mnarani, na katikati akaendesha vizuri. Mleta mada amesema ilikuwa kwenye mnara. Woga ungemkamata katikati kama ulivyomkamata mama Mwanza.

#25 MamaZabibu

Baba Dereva, mnara una urefu wa kwenda juu nao. Ukiinua shingo pia magoti yanalegea. Kwanza mwalimu, una urefu wake?

#26 MwalimuMakole

Meta 227 kutoka usawa wa maji.

Na kwa kuwa umeuliza habari za kuogopa: wakati wa ujenzi walitandaza wavu chini ya daraja, jambo geni kwa zama hizo, na wafanyakazi 19 walidakwa na huo wavu wakapona. Hata hivyo 11 walikufa kazini, 10 kati yao siku moja ya Februari 1937, jukwaa la kazi lilipoporomoka na kuuchana wavu wenyewe.

#27 MamaZabibu

Mungu awapumzishe. Mwalimu sikuulizi tena.

#28 Chenene_Juu

Mimi sijafika huko, nasoma tu mtandaoni. Nilisoma kwamba mwaka 2020 walibadilisha vyuma vya ukingo upande wa magharibi, wakaweka vyembamba, na tangu hapo daraja linalia upepo ukipita. Sauti inasikika hadi mitaani. Si inawezekana vyuma hivyo vyembamba ndivyo vinaruhusu upepo mwingi umfikie mwendesha baiskeli? Zamani vile vinene vilikuwa vinakinga.

#29 InjiniaKimya

Kulia ni kweli, 2020, na baadaye wakatengeneza vibanio vyenye mpira vya kupunguza ile sauti. Vyuma vilifanywa vyembamba ili upepo upenye na daraja lisipate msukumo mkubwa kwenye dhoruba. Wote waliosoma uhandisi wanakumbuka Tacoma Narrows 1940, daraja lililojikunja kama mkeka likadondoka kwa upepo usiokuwa hata wa kutisha. Mmoja wa wasanifu wake, Moisseiff, alishiriki pia Golden Gate.

Ila kusema vile vya zamani vilimkinga mtu wa baiskeli, hapana. Navyo vilikuwa vya kuachiana nafasi. Kiwiliwili cha mwendeshaji kiko juu ya ukingo, unakikinga na nini?

#30 Chenene_Juu

Miguu je? Na magurudumu?

#31 InjiniaKimya

Miguu sawa. Nakupa miguu.

#32 BintiKondoa

Jamani mbona hakuna aliyetaja baridi? Dada yangu yuko Oakland, ng'ambo tu ya ghuba. Anasema wageni wanakuja mwezi wa saba na kaptula kwa kuwa wameambiwa California ni jua. San Francisco mchana wa mwezi huo mara nyingi haivuki nyuzi 20, na ukungu ukiingia pale darajani vidole vinakufa ganzi. Vidole vikifa ganzi breki huzisikii, gia huzisikii. Mtu akiyumba ataita upepo.

Huo ukungu wenyeji wameupa jina, wanauita Karl.

#33 JoblessNkuhungu

Karl 😂 Sisi vumbi la hapa tungelipa jina lingekuwa na kitambulisho cha taifa.

#34 UpepoWaSingida

Baridi ya Singida Julai...

#35 MamaZabibu

Kaa chini.

#36 JoblessNkuhungu

Swali la pembeni. Kwa nini linaitwa la dhahabu na ni jekundu? Na nasikia wanalipaka rangi toka mwanzo hadi mwisho, wakimaliza wanaanza upya, kazi ya maisha. Hao wanaajiri?

#37 MwalimuMakole

Jina ni la mlangobahari, lilikuwepo kabla ya daraja. Rangi ni ya machungwa iliyokolea. Chuma kilifika kikiwa kimepakwa rangi ya awali nyekundu ya kuzuia kutu, msanifu Irving Morrow akaipenda ilivyokaa na vilima na ukungu, akaipigania. Jeshi la majini lilitaka mistari myeusi na ya njano ili meli zilione.

Hilo la kupaka mwanzo hadi mwisho ni hadithi. Wapaka rangi wapo mwaka mzima, ila wanakwenda pale chumvi ilipokula zaidi. Kuhusu ajira, peleka barua.

#38 MteraKwaMtera

Nauliza na mimi: baiskeli inalipia kuvuka?

#39 NyumbaniManyoni

Hailipi. Mtembea kwa miguu pia halipi. Magari yanalipa upande mmoja tu, yanapoingia mjini, yakitoka hayalipi. Na tangu 2013 hakuna kibanda cha kupokea fedha taslimu.

#40 MteraKwaMtera

Unalipa kuingia, kutoka bure. Kigamboni wangeiga hilo watu wangefanya sherehe.

#41 DerevaMstaafu

Kigamboni msiianzishe hapa, uzi utafika kurasa 90. Lile ni meta 680 tu, baiskeli unavuka hata hujabadilisha mguu. Tulieni kwenye mada.

#42 KipupweDom

Wakuu asanteni. Nimempelekea jamaa uzi mzima leo mchana kantini. Majibu yake:

Alivuka saa tisa alasiri. Upande ulikuwa wa mashariki, si magharibi, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, waliachiwa mapema. Mfuko ulikuwepo mbele, ndiyo, na ndani kulikuwa na jaketi ambalo hakulivaa. Kuhusu urefu anasema hakuogopa. Kuhusu yule mama anasema alikuwa na baiskeli ya umeme.

Sasa niende asubuhi au jioni? Na nikivuka, nirudi kwa njia ileile?

#43 MamaZabibu

Jaketi lilikuwa mfukoni 🤣 Na hiyo ya umeme kaipata leo kantini.

#44 InjiniaKimya

Saa tisa alasiri. Nilisema. Mada imeisha kwa upande wangu.

#45 NyumbaniManyoni

Haijaisha mkuu. Kama alikuwa mashariki basi mnara ulikuwa upande wa upepo kwake. Unapoingia nyuma ya mnara kunatulia kabisa, unanyooka, unapumua. Unapotoka upande wa pili unakutwa umelegea na upepo unarudi wote kwa mkupuo. Mimi wa magharibi nilipigwa na upepo uliozidi, yeye kapigwa na upepo uliokatika kisha ukarudi. Ni vitu viwili tofauti.

#46 DerevaMstaafu

Kwa hiyo ni ubavu. Asante binti.

#47 FundiSpoku

Na mfuko mbele.

#48 BintiKondoa

KipupweDom, nimemuuliza dada. Anasema nenda asubuhi, upepo mdogo, ila jiandae kutokuona hata mnara kwa sababu ya ukungu. Ukitaka picha nenda ukungu ukishapanda, na hapo upepo nao umeamka. Chagua moja.

Kurudi, usirudi. Ukishavuka unateremka Sausalito, mji mdogo ng'ambo, kutoka Fisherman's Wharf hadi huko ni kama kilometa 13 zote. Unakula, unapanda kivuko na baiskeli yako hadi mjini. Fika mapema foleni ya baiskeli, wikiendi inakuwa ndefu.

#49 NyumbaniManyoni

Mteremko wa Sausalito una magari, na wanaendesha kulia. Hapo ndipo kwa kuogopa, wala si mnarani. Fuata ushauri wa Fundi wa breki.

Nami natofautiana na dada wa Oakland kwenye kurudi. Ukivuka mara moja umeona upande mmoja. Nilirudi jioni, mji wote uko mbele yako, nisingekubali kubadilishana na kivuko. Ni kweli nilipigwa na upepo safari nzima.

#50 UpepoWaSingida

Mkoa umetafakari. Tunataka ushahidi. Msalato kwenda Makutupora barabara inaelekea kaskazini, mashariki ni wazi, Agosti ni ubavu mtupu. Kila mtu aje na baiskeli ya aloi, mfuko mbele, bila gunia. Atakayeshuka kukokota ananunua nyama choma. Jamaa wa Kintinku awepo.

#51 MwalimuMakole

Hewa ya kule bado nzito kuliko yetu kwa asilimia 18. Jaribio lina kasoro.

#52 UpepoWaSingida

Mwalimu utabeba tofali kwenye mfuko kufidia.

#53 FundiSpoku

Baiskeli za aloi ninazo mbili kijiweni, moja haina breki ya nyuma. Jumamosi saa kumi jioni niko Msalato njia panda. Pampu na viraka nakuja navyo, maji kila mtu ajibebee.

#54 JoblessNkuhungu

Mimi nakuja kwenye nyama.